Ukurasa Mzima wa Kamba

Mashine iko ndani ya kidaka
bibi alimokuwa akipanga kaure zake.
Taa yake ya kijani hailali.
Mwaka wa saba huu inahifadhi bure
michoro ya milango ya fundi Lali,
majina ya watoto waliochanjwa Kizingitini,
hati za ndoa ambazo karatasi zake zilishaliwa na mchwa,
na picha moja ya mwanamke mwenye kipini
ambayo mjukuu wake huifungua kila Ijumaa
kutoka mji wenye theluji.
Hajawahi kuniandikia.

Watu elfu mbili na mia tatu.
Sijamtoza mtu thumni.

Bure:
neno tamu mdomoni kama kashata,
na sukari kanunua nani?

Machi, diski ya pili ilikufa kwa chumvi.
Nikatoa pesa za viatu vya Famau.
Julai, stima ilikatika siku nne,
nikaazima jenereta kwa Athman muuza barafu,
nikamlipa kwa kumwekea hesabu zake humu humu,
bure tena.
Anwani yetu hulipiwa kila mwaka kwa kadi yangu.
Neno la siri limo kichwani mwangu,
na mwenye kichwa, tangu Shaabani,
anameza dawa za presha.

Famau aliniuliza akitafuna mkate wa mofa:
"Mama, ukifa, haya yote yatazimika saa ngapi?"
Hakuuliza kwa huzuni.
Aliuliza kama mtu anayeulizia boti ya Mokowe.

Usiku ule nikafungua kitu nilichokipiga picha mwenyewe
nisikisome: daftari la wakfu wa kisima, Langoni.
Wino wa kahawia, mkono usio na papara.

*Minazi kumi na miwili ya Kipungani ni mali ya kisima.
Theluthi, kamba. Theluthi, ndoo.
Theluthi ya mwenye kushuka kutoa tope.
Ufunguo ushikwe na wawili wasio wa nyumba moja.
Na maji yakiingia chumvi msiwafiche watu.
Tangazeni Ijumaa tatu,
kila mtu ajaze mtungi wake,
kisha kifukieni.*

Neno thawabu halimo.
Ukurasa mzima wa kamba.

Nia njema ni tabibu, tumeambiwa.
Mimi ndiye niliyeitibu mashine kwa nia miaka saba,
na kila diski ilikufa vilevile.

Basi nimeanza kuandika.
Athman atatoa umeme, kwa mkataba.
Mwenye hoteli pale Shela,
ambaye ramani zangu humletea wageni,
atalipa diski, au aniambie hataki.
Akiba ya miezi kumi na minane, kabla ya kupokea mtu mpya.
Nakala nyingine Malindi, kwa binamu yangu, mbali na paa langu linalovuja.
Nusu ya ufunguo kwa Mwanasha,
nusu kwa Lali.
Hawasalimiani tangu ile kesi ya ukuta.
Ndiyo maana nimewachagua.

Na kila mtu nitamwonyesha jinsi ya kubeba chake.
Nimeanza na yule wa theluji:
"Jaza mtungi wako. Maji bado matamu,
nakwambia mapema tu."

Hajajibu.
Feni inahema kidakani.
Famau kavuta kiti, kashika kalamu,
anataka kujua kamba ni shilingi ngapi.