Nili ya Bahla

Mimi mwosha wa maiti,
sina jina, sina kiti,
wala sisimami kati
ya wakuu wa Nabhani.

Huitwa mtu akifa,
hulipwa tende na sifa,
na yote yenye kashifa
huyafungia kinywani.

Bahla usiku, kwa mbio,
yaja mienge, kilio:
mgawa maji wa kwao,
Muhana, kafa majini.

Maji ya shibiri mbili
yamzamishe kamili
mtu mzima wa mwili?
Nikauliza moyoni.

Nikamgeuza pole,
nikaona palepale
vidole vya nili, vile
vinne, vimo kisogoni.

Waliona, wakavuma:
"Ni Shadhani!" walisema,
"mtia nili wa nyuma
ya soko, mkamateni!"

Shadhani, mzee yule,
ana nili toka kale
mikononi, na milele
haitoki kwa sabuni.

Miaka tumeshikana
mikono, tukiagana;
doa sijapata ona
lake kwangu kiganjani.

Nili iliyozoea
ngozi, haitii doa;
nili mbichi huenea
kwa mkono wa ugeni.

Sikusema. Nikaosha,
sanda nikamvalisha,
macho nikayazungusha
siku hiyo mazikoni.

Falaji yabubujika,
kwa udhu wote wafika;
Ghasani, naye, kashika
tayamamu mavumbini.

Joho, mikono mirefu,
yafunika; na kwa hofu
asema: "Mimi dhaifu,
nimeungua motoni."

Mitende yake mikavu;
zamu kaomba kwa nguvu;
Muhana, kwa utulivu,
alimnyima sokoni.

Nikachota kwa bakuli,
kadhi yu hatua mbili
nyuma; nikamsaili:
"Nikuoshe, muhisani?"

Watu wote wakakoma
kusema. Nyuki kavuma.
Ghasani karudi nyuma,
akateleza kingoni.

Kajishika kwenye jiwe;
joho, pasi liambiwe,
lapanda: ishuhudiwe
nili hadi kiwikoni!

Kumbe alipenya kule
dukani, mtungi ule
akachovya, ili yule
mzee atiwe ndani.

Nikarudi kwangu giza,
mikono nikachunguza:
nili imejipenyeza,
uzi, mwangu ukuchani.

Mtu akinisalimu,
hata akiwa imamu,
mkono hunilazimu
niutazame mwangani.