Dawa ya Pengo

Jino la pembe si dawa ya pengo:
Bi Mize hunirushia methali hiyo kila Ijumaa,
mkono mmoja mwikoni, mwingine kiunoni,
akijua fika ndiyo kazi inayomnunulia sukari.
Nakubali, mama mkubwa. Pembe si dawa.
Pembe hunywa chai, hugeuka manjano, huoza.
Ila mie sichongi pembe.
Mie naivisha kioo.

Chumba changu kipo uani mwa kliniki, hapa Wete,
ukuta mmoja na karakana ya baiskeli ya Kombo.
Tanuri langu halishindi sufuria ya wali wa watu wanne.
Mezani kuna kipande cha zambarau;
watoto wakichungulia huuliza: shangazi, hiyo peremende?
Bado kibichi, nawaambia.
Kikiwa kibichi, chuma hukila kama chaki,
nami nakitoa mabega, mgongo, makali,
mpaka jino zima la zambarau linakaa kiganjani
kama lililodondoka kinywani mwa jini.

Hili ni la Maalim Mbarouk wa Limbani.
Kijiwe cha mchele, tena kwenye hitma,
kilimkata nusu ya jino la mbele.
Tangu hapo *thumma* yake inatoka *summa*,
*thalatha* yake *salasa*,
na watoto arubaini wa chuo chake,
watiifu mno,
wanasoma kwa pengo lake.

La kwanza nililifanya jembamba. Nilitaka lipendeze.
Kombo akalibana kwenye jiliwa:
tk.
Vipande viwili, ufa umenyooka kama rula.
La pili, umeme ulikatika tanuri likiwa nyuzi mia saba.
Likatoka na rangi ya maji ya pweza.
Safari ya tatu nikangoja usiku wa manane, pasi zote za mtaa zimelala,
nikachoma mawili: moja la Maalim, moja la jiliwa.
Mia nane na arubaini.
Zambarau ikafa, weupe ukaja,
weupe wa jino, si wa karatasi.

Kilichotokea ndani sikukiona; nakijua kwa kusoma.
Sindano, maelfu, huzaliwa ndani ya kioo
zikapitana juu chini, juu chini,
kama chane mikononi mwa Bi Mize akisuka ukili.
Kioo kitupu, ufa hukipita kama umbea.
Hapa ufa unagonga sindano, unakata kona,
unagonga nyingine, unachoka,
unakaa kitako.
Kombo alikaza mpaka shati likamganda mgongoni.
"Dada," akasema, "nani atanilipa jiliwa?"

Siku ya kulibandika Maalim akafungua kinywa,
chumba kizima kikanuka karafuu.
Umetia mafuta?
"Mwanangu, mie Mpemba. Nitie nini?"
Nikamweleza: karafuu inatuliza, kweli,
lakini gundi yetu mbele yake haigandi,
inabaki mbichi kama uji.
Wiki moja, Maalim. Usiiguse hata kwenye chai.
Aliniangalia kama niliyemwambia asivute pumzi.
Nje, mbele ya kliniki, majamvi ya watu yalikuwa yameanikwa karafuu
mpaka ukingoni mwa barabara.

Akarudi, akiwa amekonda kidogo, au labda ni macho yangu.
Nikabandika. Nikasugua makali.
Akaweka ncha ya ulimi pale panapotakiwa
akasema *thumma*, taratibu,
kama mtu anayeingia nyumba yake kwa ufunguo mpya.

Jana nimepita Limbani, dirisha la chuo li wazi.
Sauti yake inaongoza, safi.
Nyuma yake sauti arubaini:
*summa, summa, summa.*
Akagonga meza. Akaanza tena.

Siku ishirini na tatu nimeziba jino moja.
Hilo jingine sina tanuri lake.
Ijumaa nitamwambia Bi Mize,
au nitanyamaza, nile muhogo wangu.