Noti Nne za Ishirini

Nives, rudisha hizo noti mkobani.
Muuzaji akishaona themanini,
hapatikani tena mtu hapa
atakayekuuzia kitu kwa sabini na tisa.

Jumamosi. Ferrara imejitanda ukungu mpaka mabegani
na uwanja mzima umejaa baiskeli za mtumba,
zimeegemeana kama wageni waliokesha arusini.
Usiitazame ile nyekundu.
Najua umeshaitazama.
Rangi ya jana huficha ufa wa juzi:
pitisha kidole hapa, chini ya kiti,
mabomba mawili yanapokutana. Unahisi?
Hilo si kovu. Hilo ni jeraha.

Unasema una miaka sitini na mmoja,
na kwamba mtu wa mji huu asiyejua baiskeli
ni kama padre asiyejua Baba Yetu.
Miaka arobaini umepakiwa pikipiki na Vasco,
umemshika kiuno, unatazama mgongo wake, si njia.
Sasa Vasco hayupo, pikipiki imeuzwa,
na soko limekuwa mbali kwa goti lako.
Sikucheki. Mimi nimejifunza kuogelea mwaka jana
na bado nashika ukuta.

Haya.
Hii ya bluu ina gia ishirini na moja.
Mlima uko wapi, Nives?
Mji wetu ni tambarare kama sinia.
Gia usiyoitumia nayo huharibika,
na fundi hasamehi hata moja.

Hii ya kijani, iliyochunika ubavuni:
bomba lake la juu limeinama,
huna haja ya kurusha mguu kama askari gwarideni.
Panda. Usiende kokote, panda tu.
Shusha kiti. Shusha zaidi.
Watakwambia kiti kikae juu,
na hawakosei, ila wanamsemea Nives wa mwakani.
Wa wiki hii akanyage chini kwa nyayo zote mbili,
nyayo nzima, si ncha za vidole,
hofu ikija imkute amesimama.

Nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe, sikiliza.
Likikwaruza mahali palepale kila mzunguko, rimu imepinda.
Hili limenyamaza. Bana breki. Vizuri.
Kutu ya mnyororo hainikoseshi usingizi:
yuro kumi na nusu saa yangu.
Tairi la nyuma lina nyufa kama tope la mto Po
mwezi wa nane. Usilisikitikie,
hilo ndilo litakalotuteremshia bei.

"Mia," anasema mwenye nayo.
Unafungua mdomo. Nakohoa.
Naulizia risiti, naulizia namba iliyochongwa chini ya fremu,
nauliza ilikuwa ya nani, maana za wizi hapa
huuzwa na watu wenye nyuso za upole.
Ya mama yake, anasema. Dirce. Alikuwa akifundisha hesabu.
Anachomoa picha pochini:
mwanamke, kikapu cha vitunguu, kijani hikihiki.

Nilikuwa nimejipanga kusema arobaini na tano.
Nikashindwa kuitamka.
Ni wewe uliyeinama, ukagusa kengele,
ukasema "Sitini," bila kunitazama,
kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ngazini kwetu.

Ishirini iliyobaki ni ya kufuli.
Usinune. Baiskeli bila kufuli
umemnunulia mtu mwingine.

Mchana, nyuma ya duka la samani lililofungwa,
nimefungua pedeli zote mbili nikazitia mfukoni.
"Umeiharibu!" umesema.
Sukuma kwa miguu, Nives. Kulia, kushoto,
kama mtu anayetembea ameketi.
Umenitukana kwa lugha ya bibi yako,
mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano.

Ya sita ukasahau kushusha miguu.
Mita tatu. Labda nne.
Ukapiga kengele, na mbele yako
hapakuwa na mtu, ni ukungu tu,
nami nikakukimbilia kwa nyuma
pedeli zako zikigongana mfukoni.