Kadi ya Picha, Mwezi wa Saba

Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi.
Kisha feni inavuma, taa ya kijani inapepesa,
na kioo kinaniangalia, cheusi tii,
kama mtu aliyesikia salamu akakataa kuitika.

Nimebadilisha waya. Nimeazima kioo cha Mwalimu Luvanda,
nimekirudisha na asante; kosa si la kioo.
Nimezima, nimehesabu hadi thelathini, nimewasha.
Nimeipiga kofi ubavuni. Usiniulize kwa nini,
redio ya baba ilitibiwa hivyo hivyo.

Na ndani iko macho! Naisikia,
wimbo wake wa kuamka umetoka kwenye spika.
Inajua kila kitu, haina uso wa kukisemea.

Basi bisibisi.
Nilipofungua ubavu, Mafinga yote ilikuwa humo:
vumbi la mbao za paini, laini kama sembe,
miaka kumi na mitatu ya misumeno ya ng'ambo ya barabara
imelala juu ya feni ya kadi,
feni ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai,
haizunguki.
Nikapuliza. Nikapiga chafya mara nne.
Meno ya dhahabu ya kadi nikayasugua
kwa raba ya Fulgensia, wa darasa la tatu,
nikaisukuma mahali pake hadi ikasema tak.

Picha ikaja. Ya zambarau, lakini ikaja.
Dakika sita. Mistari. Giza.

Nikaigusa: inachoma kama sufuria.
Ndipo nikaujua ugonjwa,
na dawa ilikuwa imesimama dirishani tangu asubuhi,
haidai hata senti.

Sasa sanduku linakaa dirishani, tumbo wazi,
na duka nafungua saa kumi na moja alfajiri,
makoti mawili mwilini, vidole vimekufa ganzi,
mgonjwa wangu anapumua ukungu na kupona.
Wateja wanatetemeka: "Kamwene, dada, funga basi dirisha!"
Nikifunga dirisha nimefunga duka.
Rangi zinatulia hadi saa nne,
jua likigusa bati
herufi zinaanza kuyeyuka.

Jana Chengula alichelewa.
Lori linanguruma nje, mbao zimefungwa kamba,
anataka hati ya mzigo, Dodoma inamngoja.
Nilikuwa nimefika kwenye jina lake, kioo kikazimika.
Nikafumba macho, hayakuwa na kazi tena,
nikaandika kwa kumbukumbu ya vidole:
vipande mia nne, mbili kwa nne, futi kumi na mbili.
Nikabonyeza ya kuchapa. Tukangoja, wote wawili
tukiitazama printa kama kuku anayetaka kutaga.

Ikakohoa. Karatasi ikatoka.
Kila kitu mahali pake isipokuwa yeye:
Chengulaaa,
a tatu mwishoni, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde.

Akaisoma. Akaikunja, akaitia mfukoni.
"Moja ni yangu," akasema, akipuliza viganja,
"hizi mbili ni za baridi."