Umeisahau Chumvi

Jogoo hajajua bado kuwa kumekucha,
Shoghakat, mama mkwe wangu, keshaanza.
Namsikia kupitia ukuta wa bati,
sauti yake kavu kama kuni:
"Asante, Bwana, kwa miguu hii miwili.
Wa kushoto unauma, wa kulia ni mvivu,
lakini yote imeamka nami."

Hapa Gyumri baridi haina adabu.
Huingia bila hodi, hujilaza ndani ya ndoo,
hugeuza maji jiwe.
Yeye hulivunja kwa shoka, na kila kipande kikiruka, asante.
Asante kwa shoka. Asante kwa anayelinoa
(huyo ni mimi, na wiki hii sikulinoa).

Tunaishi ndani ya kontena tangu ardhi ilipotikisika.
Ni la muda tu, walisema.
Mwanangu wa kwanza kazaliwa humu; sasa ana ndevu.
Siku moja nilimuuliza: Mama, unashukuru nini?
Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini anapumua.
"Kinywa kina kazi tatu," akasema,
"kula, kulalama, kusifu.
Mbili hujifanya zenyewe. Ya tatu lazima uiamshe."

Basi huiamsha
akichekecha unga,
akisukuma donge hadi liwe jembamba kama shuka kuukuu,
akiinama juu ya tanuri lililochimbwa ardhini
na kulibandika ukutani mwake, mkono ukiponea chupuchupu.
"Utukufu kwako." Mkate unatoa malengelenge.
Hakuna ubani hapo, ni moshi tu,
na jasho, na paka anayengojea ukoko.

Kisha Januari ile Vardges, mwanawe, mume wangu,
akapanda basi kwenda Urusi kumwaga zege.
Kesho yake kulipokucha, ukuta ukanyamaza.
Nililala nikisubiri miguu ishukuriwe.
Haikushukuriwa.

Nilimkuta mbele ya unga, mikono imezama hadi viwiko.
"Sina ugomvi Naye," akasema.
"Nimechoka. Leo na aniangalie tu."

Nikalichukua shoka.
Mimi, ambaye miaka yote hiyo niliacha asante zake zinitoshe,
nikapiga barafu, na neno likatoka likikwaruza
kama bawaba isiyotiwa mafuta:
Asante kwa... ndoo.
Nikaona haya. Nikapiga tena.
Asante kwa unga. Asante kwa basi, liliwaka kwa mara ya tatu.
Asante kwa aliyeondoka,
maana pengo lake kitandani lina umbo lake.

Shoghakat hakuinua kichwa.
Alibandika mkate. Akaubandua. Akabandika mwingine.
Nikadhani hakunisikia.

"Umeisahau chumvi," akasema.

Na chumvi, nikasema.

Akajifuta mikono, akavuta pumzi,
tukaanza upya, sote wawili,
kuanzia miguu.