Kisanduku cha Katikati

Mtaa wa Mkwepu, nyuma ya nondo na kioo,
Bwana Jivraj ananipangia visanduku vitatu
kama muuza kanga: hiki bei mbaya, hiki wastani,
hiki, anasema akitazama pembeni, bei ya kutupa.
Kibali changu anakisoma mara mbili. Mhuri. Tarehe. Picha
ya mwanamke wa miaka hamsini na minane asiyecheka.

Mwezi uliopita nilichukua cha kutupa.
Kunduchi, kwenye shimo la kokoto lililoachwa,
ya kwanza ikalia, ya pili ikalia,
ya tatu kimya.
Kocha Kahabuka akainua kiganja: tulia hapo hapo.
Mtutu kwenye shabaha, hesabu hadi thelathini.
Sijawahi kuhesabu polepole vile,
hata nilipokuwa keshia na foleni ya mwisho wa mwezi
ikinikodolea macho.
Jasho. Nzi katua kwenye kifundo cha mkono.
Mbali, lori likirudi kinyumenyume, likilia.
Thelathini. Ikatoka nzima, ina kovu dogo kitakoni:
imepigwa, haikusema.
Ninayo mkobani, imefungwa kwenye leso.

Rahisi huvunja upishi, mama alisema, akichambua mchele wa mawe.
Ila hicho cha bei mbaya nacho nakijua:
kila nikifyatua nasikia shilingi,
na mkono unaosikia shilingi hutetemeka.

Nipe cha katikati, Bwana Jivraj. Kimoja tu.
Nikirudi na maganda hamsini
(nitayahesabu, unanifahamu)
ndipo tuzungumze bei ya vitano.