Pini Ishirini na Tano

Dadi kafika saa nne, bisibisi mfukoni,
kalilaza sanduku ubavu kama mbuzi wa hitima,
kafungua skrubu tatu. Ya nne ilipotea
mwaka ule bei ya korosho ilipotucheka.

Ndani, salfa.
Vumbi la manjano limeganda kwenye feni,
limetanda juu ya bodi kama unga wa mhogo jamvini.
Kila msimu wa kupuliza mikorosho mlango wangu u wazi,
na mashine ikavuta pumzi ileile
tunayoivuta sote hapa Luchingu.
"Shangazi, hii si kompyuta. Huu ni mkorosho."
Nacheka, huku nahesabu kimoyomoyo:
bodi mpya, ramu ya gigabaiti nane,
diski isiyozunguka, isiyolia.
Malipo ya kwanza ya mnada yote,
na ya pili nusu.

Inawaka.
Sijamaliza hata kuvuta kiti.

Nami nilizoea kubonyeza, nikaenda kubandika chai,
nikarudi, bado inajifikiria.
Hapo ndipo watu waliponiambia ukweli, pale kwenye benchi.
Mzee Likumbo alikuja kumdai mkwewe
magunia matatu, na ushahidi, na hasira;
kabla skrini haijapata rangi akasema:
"Mwandikie tu amlete mtoto nimwone."
Barua ikawa mistari minne.
Nani atabadili nia
ndani ya sekunde tisa?

Kibodi yangu ina plagi ya duara, mashine mpya haina duara.
Dadi katoa kiunganishi kidogo kama punje ya kunde,
kimekuja na basi la asubuhi kutoka Mtwara, kimefungwa kwenye soksi.
Kibodi ikaitika.
Herufi A imefutika, N imebaki mguu mmoja,
ila vidole havisomi, vinakwenda tu.

Ikabaki printa.
Ya sindano na utepe, karatasi zake zenye matundu pembeni,
plagi yake pana kama chanuo, pini ishirini na tano.
Dadi kaizungusha mashine, kapapasa mgongo wake:
"Hakuna pa kuichomeka. Itupe, shangazi,
nikuletee ya wino wa kunyunyiza."
Wino wa kunyunyiza, Newala hii,
ambako hata maji twanunua kwa ndoo?
Nayo hiyo yako itagonga kaboni?
Nakala moja ya mwenye shida, moja ya mtendaji,
moja ya sanduku langu chini ya kitanda,
siku wakikanushana.

Akanyamaza. Akatafuta waya
wenye ncha nyembamba huku, chanuo kule.
Akachomeka.
Skrini ikaandika: Kifaa hakitambuliki.

Miaka kumi na tisa!
Imechapa talaka ishirini na kitu,
imechapa tanzia ya mume wangu kwa herufi kubwa,
eti hakitambuliki.

Bando la simu yake likaisha, tukanunua jingine.
Jaribio la kwanza, kimya.
La pili, ukurasa mzima wa mabano na vijinyota,
kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto akaulizwa jina.
La tatu Dadi akaacha kutafuta jina lake kwenye orodha,
akachagua neno moja la unyonge: maandishi tu.

Krrrrr-tak. Krrrrr-tak.
Meza ikatetemeka, kikombe kikasogea.
Nje mtoto wa jirani akapaza sauti:
"Mama! Bibi Somoe kafungua!"

Dadi alikuwa bado anakusanya skrubu zake
(sasa zimekuwa tano, hajui moja ya wapi)
Bi Nampembe akaingia, ushungi umelowa ukungu,
karatasi imekunjwa mara nyingi mkononi.
"Nataka barua ya kumfukuza mpangaji. Leo leo."

Skrini ilikuwa nyeupe, tayari, inapepesa kamstari kake.
Nikaigeuzia ukutani.
"Kaa kwanza, dada," nikamwambia.
"Hii inachelewa kuwaka."